Kutoka Kidato cha Nne Hadi Uwakili: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kuuza Shamba

Katika nyumba nyingi za Kenya, mtoto akisema anataka kuwa wakili wazazi hufurahi kwanza na kuuliza baadaye. Ni kazi yenye heshima. Wakili akipita mtaani watu humwamkia kwa cheo chake, na kwenye mikutano ya ukoo neno lake husikilizwa. Basi furaha hiyo hutangulia, na maswali ya miaka, ada na masharti huja wakati pesa zimeshatoka mfukoni.

Swali lililonifanya niandike makala haya lilitoka mbali na bahari. Jirani yangu mmoja hapa Mombasa ni mzaliwa wa Kiogoro, wadi iliyo katika eneo bunge la Nyaribari Chache, karibu na mji wa Kisii. Dada yake yuko huko na ana kijana aliyemaliza kidato cha nne. Familia imeketi ikakubaliana kwamba kipande cha shamba kiuzwe ili kijana akasomee sheria. Jirani akaniuliza mambo matatu: ni miaka mingapi, ni hatua gani, na je, akishapata digrii atakuwa wakili moja kwa moja?

Mimi si wakili. Nina diploma yangu na kalamu yangu, basi. Lakini swali hili nalisikia Kisauni, Likoni na Malindi vilevile, na sheria inayolijibu ni moja kwa Mkenya wa Kiogoro na Mkenya wa Kizingitini. Tofauti ni kwamba huko Gusii ardhi imebanana sana. Shamba la babu limegawiwa wana, wana wakagawia wajukuu, na kilichobaki kwa familia nyingi ni kipande cha migomba, chai kidogo na nyumba. Ukiuza hicho kwa ajili ya karo, huwezi kukirudisha. Kwa hiyo ni haki ya mzazi kujua njia yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kabla ya kutia sahihi kwa mnunuzi.

Jibu fupi ni hili: safari haipungui miaka sita, ina milango kadhaa, na kupita mlango mmoja si hakikisho la kupita unaofuata. Jibu refu ndilo linalofuata.

Mwanasheria si lazima awe wakili

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo wengi huteleza. Mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Amesoma sheria, anaijua, anaweza kuifundisha au kuitumia katika kazi ya ofisini. Wakili ni yule ambaye baada ya shahada amepita mafunzo ya uwakili, akafaulu mitihani yake, akafanya uanagenzi, akaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, jina lake likaingizwa katika daftari la mawakili, na ana leseni ya mwaka husika. Huyo ndiye anayeweza kusimama mahakamani kwa niaba yako na kudai malipo kwa kazi hiyo.

Sisi watu wa Pwani neno wakili tunalijua hata nje ya mahakama. Kwenye nikahi, baba asiyeweza kufika humpa mtu uwakili wa kumwozesha binti yake. Maana ni ileile: mtu aliyepewa dhamana ya kusimama mahali pako. Serikali nayo, kabla ya kumruhusu mtu asimame mahali pa wengine katika mambo ya kifungo, nyumba na urithi, imemwekea masharti. Masharti hayo yako zaidi katika Sheria ya Mawakili, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Kenya, na katika sheria mbili za mwaka 2012: Sheria ya Elimu ya Sheria na Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya.

Mlango wa kwanza: alama za KCSE

Kanuni za Baraza la Elimu ya Sheria za mwaka 2016 zinasema kwamba anayetaka kuingia shahada ya sheria moja kwa moja kutoka sekondari awe na alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na awe na B katika Kiingereza au Kiswahili. Angalia neno "au". Mtoto aliyepata C+ ya Kiingereza lakini akapata B ya Kiswahili ametimiza sharti hilo la lugha. Kwa watoto wa Pwani hii ni nafasi ambayo walimu wetu wanapaswa kuisisitiza tangu kidato cha kwanza. Kwa mtoto wa Kiogoro, ambaye nyumbani anazungumza Ekegusii na shuleni anajifunza lugha zote mbili kama lugha za kujifunza, nafasi ni mbili badala ya moja. Hata hivyo masomo yenyewe ya sheria, vitabu vyake na hukumu za mahakama ziko kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa sana. Kiswahili kinaweza kumfungulia mlango, lakini akiingia ndani atahitaji Kiingereza cha nguvu.

C+ na B ni kiwango cha chini tu. Nafasi za serikali hugawiwa na KUCCPS kwa ushindani, na sheria ni miongoni mwa kozi zinazogombewa. Mwenye C+ anaweza kuwa amefuzu kwa kanuni na bado akakosa nafasi kwa sababu waliomzidi alama wamezijaza. Hapo ndipo familia huanza kufikiria kulipa wenyewe, na ndipo shamba linapoanza kutajwa.

Kanuni hizohizo zina njia nyingine za kuingia shahada ya sheria. Mwenye shahada nyingine kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa anaweza kuomba. Mwenye diploma ya sheria aliyoipata kwa alama za kiwango cha juu kinachotakiwa anaweza kuomba pia. Kwa hiyo kijana aliyepata C haambiwi kwamba mlango umefungwa milele. Lakini hapa kuna mtego, nao ndio umewaumiza vijana wengi kuliko mtego mwingine wowote katika safari hii.

Mtego wenyewe ni kwamba chuo kikuu ni mlango mmoja, na Chuo cha Sheria cha Kenya ni mlango wa pili, tena wenye sheria yake peke yake. Kwa miaka mingi kumekuwa na vijana walioanza na cheti au diploma, wakapanda hadi shahada, wakasoma miaka minne na kufaulu, kisha wakafika kwenye mlango wa pili wakaambiwa alama zao za KCSE hazitoshi. Wengine walikwenda mahakamani, na kesi za aina hiyo zimepanda hadi Mahakama ya Rufaa. Hoja ilikuwa kama mtu anaweza kufidia alama za sekondari kwa masomo ya juu aliyofaulu baadaye. Majaji hawakuisoma sheria kwa namna moja, na kifungu chenyewe, cha 16 pamoja na jedwali lake, kimebishaniwa neno kwa neno.

Somo kwa mzazi ni hili: ikiwa mtoto wako hana C+ na B ya lugha, usikubali maneno ya mdomo ya mtu wa dawati la usajili kwamba "itakuwa sawa". Andika barua au barua pepe kwa Baraza la Elimu ya Sheria na kwa Chuo cha Sheria, eleza alama zake na njia anayotaka kupita, na uombe jibu la maandishi kwa mujibu wa sheria ilivyo wakati huo. Barua hiyo haigharimu chochote. Kukosea hapa kunagharimu miaka minne.

Mlango wa pili: chuo kikuu chenye leseni

Shahada ya sheria nchini Kenya ni ya miaka minne. Kanuni zimeweka masomo 16 ya lazima ambayo kila chuo lazima kiyafundishe. Yamo mikataba, madhara, jinai, katiba, sheria ya utawala, ushahidi, mali na ardhi, ndoa na urithi, kazi, biashara, kampuni, amana, falsafa ya sheria, sheria ya kimataifa, mfumo wa sheria na utafiti. Mwanafunzi akihamishwa chuo au akisoma nje, masomo haya 16 ndiyo yatakayoangaliwa kuona kama amekamilika au ana pengo.

Si kila chuo kikuu kinaruhusiwa kufundisha sheria, na hapa ndipo watu hudanganyika na jina kubwa. Chuo kinaweza kuwa na hati ya serikali na majengo ya ghorofa, lakini kozi ya sheria inahitaji leseni ya Baraza la Elimu ya Sheria. Baraza hukagua maktaba, wahadhiri, madarasa na mtaala. Na si jambo la karatasi tu. Mwaka 2015 Baraza lilifikia hatua ya kuagiza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi kifungwe, jambo lililoleta mvutano mkubwa, ingawa kitivo hicho kilikuwa kimetoa mawakili wengi tangu miaka ya tisini. Kama hilo liliwezekana kwa chuo cha ukubwa huo, jiulize kuhusu tawi la mjini lililofungua mlango juzi.

Baraza hutangaza orodha ya vyuo vyenye leseni. Iangalie mwenyewe, tena uangalie na tawi, maana leseni ya kampasi moja si leseni ya kampasi zote. Kwa mtu wa Kiogoro habari njema ni kwamba Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kina kitivo cha sheria. Kijana anaweza kusoma akilala nyumbani na kula ugali wa nyumbani, na gharama ya chumba ikapungua sana. Kwetu Pwani, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kampasi inayofundisha sheria Mombasa. Usidharau ukaribu. Kwa miaka minne, kodi ya nyumba na nauli vinaweza kukaribia karo yenyewe.

Na wanaovuka mpaka kwenda Uganda au kwenda mbali zaidi? Inaruhusiwa, lakini shahada ya nje lazima itambuliwe na kulinganishwa na Baraza, na huenda mwanafunzi akatakiwa kusoma masomo yaliyokosekana kabla ya kuendelea. Tafuta jibu hilo kabla ya kuondoka. Ukisubiri mpaka urudi na joho, utakuwa umechelewa.

Mlango wa tatu: Karen

Baada ya shahada, kijana bado hajawa wakili. Sasa anaomba nafasi katika Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoko Karen, Nairobi. Hiki ndicho kinachotoa mafunzo ya uwakili nchini. Kwa mtu wa Kisii ni safari ya kilomita zipatazo 300, na kwa mtu wa Mombasa karibu 500, na hakuna namna ya kuikwepa.

Hapa masomo hubadilika sura. Chuo kikuu kilimfundisha sheria inasema nini, na Karen inamfundisha kazi inavyofanywa. Masomo ni tisa: mashauri ya madai, mashauri ya jinai, mirathi, uandishi wa hati za kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya kazi, uendeshaji wa ofisi ya uwakili, uhamishaji wa mali kama ardhi na nyumba, na mikataba ya biashara. Anajifunza kuandika hati ya madai, kumhoji shahidi, kuandaa ombi la mirathi, kutunza pesa za mteja bila kuzichanganya na zake.

Kisha kuna mitihani, nayo ndiyo hofu ya kila mmoja. Alama zimegawanywa: mtihani wa kuandika unaosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria una asilimia 60, na zilizobaki 40 zinatokana na mtihani wa mdomo na kazi za mradi, 20 kwa 20. Kufaulu ni asilimia 50 kwa kila somo. Ukiangusha somo moja kati ya tisa, hujamaliza. Utalipa ada, utasubiri msimu mwingine wa mtihani, utalikalia tena. Kuanguka Karen ni jambo la kawaida kiasi kwamba limejadiliwa bungeni na magazetini kwa miaka, na waliokuwa wa kwanza darasani chuo kikuu nao huanguka. Kwa hiyo familia ipange bajeti ikijua kwamba huenda kukawa na marudio. Mtoto akirudia somo moja, asitukanwe nyumbani kana kwamba amepoteza kila kitu.

Ada ya mafunzo haya imekuwa ikizunguka shilingi laki moja na elfu tisini. Ongeza chumba Nairobi, chakula, nauli, vitabu na suti, maana kuna siku za mdomo ambazo hawezi kuingia na jinzi. Wanafunzi wa Karen wanaweza kuomba mkopo wa HELB, na ni vyema kuomba mapema. Lakini mkopo ni deni, na deni la HELB humfuata mtu kazini.

Miezi sita ya uanagenzi

Sehemu ya mafunzo ni uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua mitano. Mwanagenzi huenda naye mahakamani, huandika rasimu, hufuatilia majalada kwenye masjala, husimama msajilini na karatasi mkononi tangu asubuhi. Hapa ndipo wengi hutambua kama kazi hii ni yao kweli. Uwakili wa kila siku ni kusoma, kusubiri na kuandika. Kupaza sauti mbele ya jaji ni sehemu ndogo.

Kwa mkaazi wa Gusii, uanagenzi si lazima uwe Nairobi. Mji wa Kisii una Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nyamira nayo ina Mahakama Kuu, na mahakama za mahakimu ziko Ogembo na Keroka. Penye mahakama pana ofisi za mawakili. Kesi za ardhi na mirathi ndizo zinazozijaza ofisi hizo, na mwanagenzi anayejua Ekegusii na kumwelewa mzee anapoeleza mpaka wa shamba kwa kutaja mti na kijito ana thamani kubwa kuliko anavyodhani.

Jambo ambalo mzazi asitarajie ni mshahara. Wanagenzi wengi hupata nauli tu, na wengine hawapati hata hiyo. Kwa miezi hii sita kijana ana digrii, amevaa tai, na bado anahitaji kutumiwa pesa na nyumbani. Majirani wataona tai na kuanza kumletea harambee. Mzazi awe tayari kumkinga.

Kuapishwa na leseni

Akishafaulu masomo yote na kumaliza uanagenzi, hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu, na nakala huenda kwa Baraza la Elimu ya Sheria na kwa Chama cha Wanasheria, LSK. Huangaliwa sifa zake pamoja na tabia yake. Ndiyo maana kijana anayetaka kazi hii aanze mapema kujichunga na mambo ya polisi na udanganyifu wa mitihani. Kisha siku hufika, huapa mbele ya Jaji Mkuu, hutia sahihi katika daftari la mawakili, na wazazi hupiga picha.

Hata hapo bado kuna hatua moja. Kila mwaka wakili lazima awe na leseni ya kufanya kazi, na leseni hiyo huisha tarehe 31 Desemba. Ili kuipata hulipa ada na kuhudhuria mafunzo endelevu ya LSK. Tena Sheria ya Mawakili inamtaka wakili mpya afanye kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe. Kwa hiyo ile ndoto ya kibao chenye jina la familia pale barabarani Kiogoro mara tu baada ya kuapishwa iahirishwe kidogo.

Tujumlishe. Chuo kikuu miaka minne. Karen na uanagenzi, karibu mwaka mmoja na nusu. Kusubiri nafasi, kusubiri matokeo, kusubiri siku ya kuapishwa: miezi kadhaa. Hiyo ni miaka sita ikiwa kila kitu kimekwenda sawa, na saba au zaidi ikiwa kuna marudio. Ongeza miaka miwili ya kuajiriwa. Aliyeanza akiwa na miaka 19 atafungua ofisi yake akiwa amekaribia 28. Nazitaja namba hizi ili pesa zigawiwe ziifikie safari yote. Shamba linalouzwa na pesa zote kumalizika mwaka wa pili wa chuo kikuu limeuzwa bure.

Zamani njia ilikuwa ndefu zaidi

Anayeona miaka sita ni mingi akumbuke tulikotoka. Enzi za ukoloni hapakuwa na mahali pa kusomea uwakili Afrika Mashariki. Aliyetaka alipanda meli kwenda Uingereza au India, na Waafrika walioweza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Angalia kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953 dhidi ya Jomo Kenyatta na wenzake. Timu ya utetezi iliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Walikuwemo A. R. Kapila na Fitz de Souza, Wakenya wenye asili ya Asia, na H. O. Davies alitoka Nigeria. Katika orodha hiyo humwoni Mwafrika wa Kenya. Argwings-Kodhek, mmoja wa mawakili wa kwanza Waafrika nchini, alijijengea jina miaka hiyo kwa kuwatetea washukiwa wa Mau Mau.

Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na Jaji Denning wa Uingereza ilitoa ripoti kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikafungua chuo kikuu kishiriki, kitivo chake cha kwanza kikiwa cha sheria, na Wakenya na Waganda wakaenda kusoma huko. Chuo cha Sheria cha Kenya kilianza 1963, na kitivo cha sheria cha Nairobi 1970. Majirani zetu nao wana milango kama yetu: Uganda ina kituo chake cha mafunzo ya uwakili Kampala, na Tanzania Bara ikaanzisha Shule ya Sheria kwa sheria ya mwaka 2007. Popote uendako Afrika Mashariki, shahada peke yake haitoshi.

Na Gusii imetoa wake. Okong'o Omogeni aliongoza LSK kabla ya kuwa seneta wa Nyamira. Charles Nyachae aliongoza tume ya kusimamia utekelezaji wa Katiba ya 2010, kisha akawa jaji wa Mahakama ya Afrika Mashariki. Kijana wa Kiogoro hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Njia ya mkato haipo

Mwezi Oktoba 2023 tawi la LSK la Nairobi lilitoa tangazo kwamba mtu mmoja alikuwa akijifanya wakili kwa kutumia utambulisho wa wakili halisi. Mitandaoni watu walicheka, na wengine walimsifu, wakisema kama anajua kazi mwacheni. Nawaelewa waliochoshwa na urefu wa njia, lakini fikiria upande wa mteja. Mtu asiye wakili akikuandikia hati na hati ikakataliwa, kesi yako imeanguka. Akila pesa za fidia yako, huna pa kumshtaki kama wakili. Wakili halisi akikukosea unaweza kumpeleka kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili au mbele ya jopo la nidhamu, akafungiwa hata kazi. Kufanya kazi ya uwakili bila sifa ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawakili.

Kabla ya kumlipa yeyote, ingia kwenye tovuti ya LSK utafute jina lake. Itakuonyesha kama yuko daftarini na kama leseni yake ni ya mwaka huu. Huna simu ya intaneti? Mwombe kijana wa jirani. Ni kazi ya dakika tano, na inaweza kukuokolea hati ya shamba.

Kama mlango wa uwakili haukufunguka

Kuna kitu kingine cha kumwambia kijana wa kidato cha nne, na kwa imani yangu ni muhimu kuliko yote. Kupenda haki hakuishii kwenye joho jeusi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaowaelekeza watu namna ya kufuata haki zao bila kuwa mawakili. Kuna makarani wa mahakama, wahudumu wa masjala, wapelekaji wa hati za mahakama, maafisa wa ardhi wa kaunti. Kuna wenye shahada ya sheria waliobaki wanasheria tu, wanaofanya kazi katika benki, mashirika, bima na serikali za kaunti, na wanalea familia zao vizuri.

Kwa vijana wetu wa Kiislamu kuna na ukadhi, ambao una njia yake. Ibara ya 170 ya Katiba inataka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Mahakama zake husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kufika mbele yake. Katiba haikuandika kwamba kadhi lazima awe wakili, lakini aliyesoma vyote viwili ni hazina.

Jirani yangu nilimshauri aitumie familia mambo manne. Kwanza, watazame hati ya KCSE: wastani na alama za lugha mbili. Pili, watazame kama chuo wanachokitaka na kampasi yake vina leseni ya Baraza. Tatu, waombe nafasi ya serikali na mkopo wa HELB kwanza, kabla ya kuzungumza na mnunuzi wa shamba. Nne, ikibidi ardhi itumike, wafikirie kukodisha badala ya kuuza, na pesa zigawanywe tangu mwanzo katika mafungu mawili: la chuo kikuu, na la Karen ambalo halitaguswa mpaka siku yake ifike. Haraka haraka haina baraka, na kwenye elimu ya sheria hasara ya haraka huonekana mwaka wa tano, wakati kijana yuko Nairobi na mfuko umekauka.

Watoto wa Gusii na watoto wa Pwani wanahitajika katika mahakama zao. Huku kwetu kuna familia zinazoishi kwenye ardhi isiyo na hati tangu enzi za mababu, na kule kuna hati zilizobaki kwa jina la babu aliyefariki zamani huku wajukuu wakigombana. Kazi hiyo inahitaji watu wanaoijua lugha na mila za mahali, na waliopita milango yote kwa haki.